Miaka 58 na mbio kila Jumapili: usiache kukimbia, punguza kushindana

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 50 kupitia klabu yetu ya jogingi. Siku hizi karibu kila Jumapili niko kwenye mbio: leo za hisani za kanisa, wiki ijayo za benki kule Arusha, halafu zinarudi huku kwetu. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza kilomita 21 kwa saa mbili na dakika 6. Mwaka huu nimetumia saa mbili na dakika 25, na nilijituma kuliko wakati ule. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi au mteremko. Natumia dawa za presha, amlodipine na ile ya kukojoa, hydrochlorothiazide. Siku ya mbio nameza diclofenac asubuhi ili goti linyamaze. Wanangu wananiambia niache kabla sijaanguka barabarani. Je, ndiyo umri umenitupa mkono? Niache?

JIBU: Shikamoo mama. Nakupa jibu kwanza ili usisome yote haya roho ikiwa juu: usiache kukimbia. Cha kuacha ni kushindana kila Jumapili. Na cha kuacha leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma, ni hiyo diclofenac ya asubuhi ya mbio. Hiyo imenitisha kuliko goti na kuliko miaka yako.

Ukikimbia saa mbili juani, damu nyingi inakwenda kwenye misuli ya miguu, na nyingine kwenye ngozi ili mwili upoe. Figo zinabaki na mgao mdogo. Mwili unalijua hilo, kwa hiyo unatengeneza kemikali za kutanua mishipa inayoingiza damu kwenye figo ili zisikose kabisa. Diclofenac, ibuprofen na dawa za ukoo huo zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo. Goti linanyamaza, na figo zinanyang'anywa kinga yake saa ileile zinapoihitaji. Sasa weka juu yake dawa yako ya kukojoa, ambayo kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini, halafu jasho la Moshi la mwezi wa pili. Mambo matatu yamekutana, kila moja linaloweza kuvumilika likiwa peke yake, na yote yanazigonga figo zilezile. Isitoshe, dawa za ukoo huo zinapandisha presha, yaani zinaivuta nyuma dawa unayomeza kila siku kuishusha. Na tumbo tupu la alfajiri nalo halizipendi, vidonda vya tumbo vinaanzia hapo.

Najua zinauzwa duka la dawa bila kuulizwa swali. Najua pia kwamba kwenye klabu nyingi wazee wanagawana vidonge kwenye mstari wa kuanzia kama watu wanaogawana pipi, kila mmoja akiamini anamfadhili mwenzake. Naomba uwe wa kwanza kukataa, na uwaeleze kwa nini. Goti linalohitaji kidonge ili likimbie halijawa tayari kukimbia siku hiyo. Maumivu yakizidi baada ya mbio, paracetamol kwa kipimo chake inatosha kwa siku moja mbili, ukiwa umekunywa maji na umekula.

Kuna jambo la pili linalohusu hiyo dawa ya kukojoa, na wengi hawaambiwi. Mnafundishwa kwamba mkimbiaji anywe maji mengi iwezekanavyo. Kwa kijana anayemaliza kwa saa moja na nusu, hapati hata nafasi ya kuzidisha. Wewe uko barabarani saa mbili na nusu, unapita kila meza ya maji, na kila kijana wa kujitolea anakusukumia chupa, "kunywa mama, kunywa." Maji yakizidi jasho, chumvi ya kwenye damu inashuka, na hydrochlorothiazide tayari ilishaanza kuishusha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana, kuchanganyikiwa, na hali ikiwa mbaya, degedege. Wasiojua wanadhani ni kiu, wanaongeza maji. Kunywa kwa kufuata kiu yako. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu mara kadhaa: ukirudi umepungua kilo moja hivi, uko sawa, ukirudi umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Dawa zenyewe za presha usiziruke siku ya mbio kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari anayekuandikia, mweleze kwamba unakimbia masaa mawili juani, muulize kama saa ya kumeza ibadilishwe au hiyo ya kukojoa iwekewe nyingine badala yake. Zipo nyingi. Mwombe pia akupime figo na chumvi za damu, ni kipimo cha kawaida.

Sasa twende kwenye mwendo wako, maana nahisi hapo ndipo moyo unapouma kweli.

Umri unapunguza mwendo, hilo halina ubishi. Mapigo ya juu kabisa ya moyo yanashuka kidogo kila mwaka. Kanuni inayotumika sana ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwako inatoa 167 hivi kwa dakika, wakati kijana wa miaka 20 anafika 194. Misuli ya kasi inapungua mapema kuliko ile ya ustahimilivu. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka na kuacha mifupa, kano na misuli bila msaada iliyouzoea. Lakini yote hayo yanakwenda polepole. Mkimbiaji wa miaka ya hamsini anayeendelea na mazoezi hupoteza takriban asilimia moja kwa mwaka, au kidogo zaidi. Chukua saa yako ya mbili na dakika 6, piga hesabu ya miaka mitatu: unapata dakika nne, tano, tuseme sita. Wewe umepoteza 19. Umri hauwezi kubeba lawama ya dakika zote hizo. Zilizobaki zina mwenyewe, na mimi namwona kwenye sentensi yako ya nne: kila Jumapili.

Mazoezi hayakupi nguvu wakati unayafanya. Yanakuchosha, yanachana nyuzi ndogondogo za misuli, yanamaliza akiba ya wanga. Nguvu inajengwa baadaye, ukiwa umelala, ukiwa umekula, katika siku zinazofuata. Kijana anajengeka ndani ya siku mbili tatu. Mtu wa miaka 58 anahitaji siku zaidi, na kano zinahitaji nyingi kuliko misuli. Ukishindana Jumapili, misuli inaacha kuuma Jumatano, unajiona mzima, kumbe ujenzi bado uko nusu. Jumapili inayofuata unabomoa tena palepale. Ukifanya hivyo mwaka mzima unakuwa mtu anayejituma zaidi na kwenda polepole zaidi, ndivyo hasa ulivyoandika.

Tazama wanaolipwa kwa kazi hii. Alphonce Simbu, Aprili 2025, alikimbia Boston akawa wa pili. Septemba mwaka huohuo akashinda dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani aliyekuwa wa pili, wametenganishwa kwa kupima picha. Kati ya Boston na Tokyo ni karibu miezi mitano. Huyo ni bingwa wa dunia, yuko kwenye ubora wake, mbio ndiyo ajira yake, na bado hathubutu kushindana kila wiki. Sisi tunaoamka saa kumi na moja tukawahi vipindi vya asubuhi tunataka kuufanyia mwili kitu ambacho yeye hawezi kuufanyia wake.

Wagonjwa wangu nawapa kanuni moja, ni ya kwangu ya kliniki na inafanya kazi: baada ya kushindana kwa nguvu zote, siku moja ya mwendo wa pole kwa kila kilomita uliyokimbia. Kilomita 5, siku tano. Kilomita 10, siku kumi. Kilomita 21, wiki tatu nzima kabla ya kushindana tena. Kwa hiyo chagua mbio mbili kubwa kwa mwaka, mbili tu, na uzipange mbali. Kama Kilimanjaro Marathon ni ya kwanza, kwa kuwa ni ya nyumbani, ya pili iwe katikati ya mwaka Arusha wakati wa baridi. Nyingine zote za hisani, nenda. Chukua fulana, changia, cheka na wenzako. Ila jiandikishe kilomita 5 utembee na wajukuu, au ukimbie kwa mwendo wa maongezi bila kuangalia saa. Najua ugumu wake. Kuna mama fulani wa klabu jirani ambaye hutaki akupite, na akikupita kwenye kona unajikuta miguu imebadilika yenyewe. Kama huwezi kujizuia ukivaa namba kifuani, basi usivae namba Jumapili hiyo.

Na ili usidhani nakupunguzia tu: Jeannie Rice wa Marekani alikimbia marathoni nzima ya Chicago mwaka 2018, akiwa na miaka 70, kwa saa 3:27:50. Ed Whitlock wa Canada alimaliza marathoni ya Toronto mwaka 2016 akiwa na miaka 85, chini ya saa nne. Whitlock mazoezi yake makubwa yalikuwa kukimbia polepole kwa masaa, siku baada ya siku. Kasi aliiweka kwa siku za mashindano. Hao ni watu wa pekee, sikuahidi utakuwa wao. Nawataja kwa sababu mlango wa miaka 58 hauko karibu kufungwa.

Wanao nao wajibiwe kwa heshima, kwa sababu hofu yao ni ya upendo. Watafiti wa Marekani walihesabu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010. Waliosimama moyo walikuwa 59, wengi wao wanaume. Hatari ipo, na ni ndogo sana. Utafiti mwingine wa Stanford uliwafuata wanachama wa klabu ya wakimbiaji waliovuka miaka 50 kuanzia 1984. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, na kwa wenzao wasiokimbia asilimia 34. Sitasema tofauti yote ni ya kukimbia, maana mtu mwenye afya ndiye anayeweza kukimbia tangu mwanzo. Lakini aliyekaa kwenye kochi hakuwa salama kumzidi aliye barabarani.

Hata hivyo wewe una presha, na hilo linakudai zaidi. Kabla ya msimu ujao, nenda KCMC au hospitali yoyote ya rufaa, upimwe umeme wa moyo, sukari, mafuta na wingi wa damu. Huo wa mwisho usiudharau, maana dakika zako 19 zinaweza kuwa na upungufu wa damu ndani yake. Kama daktari ataona haja, akuombee kipimo cha moyo ukiwa unatembea kwenye mashine. Nyumbani pima presha asubuhi ya mbio. Ikifika 180 kwa 110 siku hiyo ni ya kushangilia wenzako. Ukiwa unakimbia na ukasikia kifua kinabana au kugandamizwa, maumivu yanayopanda shingoni au mkononi, kizunguzungu, moyo kudunda ovyo, au pumzi kukatika kwenye kilima ambacho wiki iliyopita ulikipanda vizuri, simama hapohapo. Usitembee ukijisikilizia, simama na uite mtu. Na ukitoka kwenye malaria au homa yoyote, wiki mbili usishindane, hata kama umejiona mzima siku ya nne.

Haya, goti. Goti linalouma kwenye ngazi za kushuka zaidi ya za kupanda, kwa umri wako, mara nyingi tatizo liko kati ya kifuniko cha goti na mfupa wa paja, na chanzo ni misuli ya paja na ya nyonga iliyochoka au kusinyaa. Kukimbia kwenyewe hakumalizi goti zima. Utafiti huohuo wa Stanford ulipopiga picha magoti ya wakimbiaji wazee haukuyakuta yameharibika kuliko ya wasiokimbia. Ila kama goti lako linavimba, linakwama katikati ya kukunja, linakuachia ghafla, au linakuamsha usiku, hayo ninayosema chini usiyafanye kwanza. Lete goti lionwe.

Njia ya kilomita 21 ya Kilimanjaro Marathon unaijua kuliko mimi: unatoka Chuo Kikuu cha Ushirika, unapandisha kuelekea Mweka, halafu unashuka kurudi uwanjani. Wote mnaogopa kupanda. Mimi huwa nasimama upande wa kushuka, kwa sababu ndiko magoti yanakovunjwa. Mkimbiaji mzee aliyechoka akianza kushuka, mabega yanarudi nyuma kana kwamba anaogopa kuanguka kifudifudi. Mguu unatangulia mbali mbele ya mwili, goti limenyooka, kisigino kinapiga lami kwa kishindo, na kile kishindo unakisikia kabla hujamwona anayekuja. Kila hatua ni breki. Misuli ya paja inajikaza huku inavutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana misuli kuliko zote. Ndiyo maana Jumatatu mnashuka ngazi kinyumenyume.

Kushuka kunafundishika. Fupisha hatua, ziwe nyingi na ndogo, mguu utue chini ya nyonga, goti likiwa limekunjika kidogo. Mwili uinamie mbele kuanzia kwenye kifundo cha mguu, kiuno kisivunjike. Mikono ipanuke kidogo kwa ajili ya mizani. Ukishuka vizuri viatu vinapiga kimya. Wiki tatu kabla ya mbio, tafuta mteremko mpole, hata ile barabara ya kuelekea Kibosho inakufaa, ushuke dakika mbili, upande ukitembea, urudie mara nne. Utaumwa siku mbili. Mwili unakumbuka kipigo hicho kwa wiki kadhaa, na siku ya mbio misuli haitachanika kiasi kile. Hilo usilifanye wiki ya mwisho.

Pamoja na hapo, mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Hii ndiyo sehemu ambayo akina mama wa rika lako wanaikwepa kuliko zote, na ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa kukupa kitu kimoja tu. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono imekunjwa kifuani, simama, kisha keti ukihesabu hadi nne. Mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita 5, baadaye la 10. Simama kwenye ngazi ya chini kabisa, shusha kisigino cha mguu mmoja kiguse sakafu polepole, panda tena. Huo ndio mwendo wenyewe unaokuumiza, tunaurudia kwa kipimo kidogo hadi paja lizoee. Maumivu ya mbili au tatu kati ya kumi wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho yake yasiwe yameongezeka. Kwa visigino, simama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, panda kwenye vidole, shuka taratibu. Baada ya wiki nane hivi utaliona goti limebadilika, usikate tamaa wiki ya tatu. Mifupa nayo inafaidika, na baada ya kukoma hedhi mfupa unapungua haraka kwa miaka kadhaa mfululizo.

Wiki ya kawaida basi: siku tatu za kukimbia, mbili za nguvu, mbili za kupumzika au kutembea. Katika hizo tatu, mbili ziwe pole kabisa, uweze kuimba ubeti mzima wa tenzi bila kukatika pumzi. Kwenye zile barabara za Shanty Town zenye miti, asubuhi kukishapambazuka na bodaboda wanakuona, panafaa sana. Siku moja tu weka kasi kidogo, dakika tatu za nguvu na mbili za pole, mara tano. Wenzako wa klabu watakuacha siku za pole. Waache waende.

Kuhusu chakula nitasema kimoja. Mwili wa miaka 58 unahitaji protini zaidi ya kijana ili kujenga msuli uleule, kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, igawanywe kwenye milo yote, isirundikwe usiku. Nakuta mama amekimbia kilomita 15, amerudi, kanywa chai ya rangi na andazi, hadi saa nane. Kunywa maziwa au mtindi ndani ya saa moja, kula mayai mawili. Mtori wenye nyama ya kutosha, kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi, dagaa, ndivyo vya nyumbani na vinatosha. Unga wa protini wa kwenye makopo huuhitaji. Ila kama ile hospitali itakuta figo zako zimechoka, hesabu hii ya protini ipangwe upya na daktari.

Mwisho, viatu, maana hukuuliza lakini goti lako linauliza. Vya mtumba vya soko la Memorial sivikatazi, nimeona watu wakipata vizuri pale. Kibonyeze kwa dole gumba kwenye sponji ya pembeni, chini ya kisigino: ikirudi haraka bado ina uhai, ikibaki na mikunjo au ikiwa ngumu kama ubao, muachie muuzaji. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, kimeshaumbika kwa mguu wa mtu mwingine na kitalivuta goti lako huko. Chagua kinachozidi kidole chako kirefu kwa upana wa dole gumba, kwa sababu miguu inavimba ikikimbia, na amlodipine yenyewe huvimbisha vifundo. Kikishakimbia kilomita 500 hadi 800 kibadilishe, hata kama juu bado kinang'aa.